Begi Moja la Kazi Zote

Jumamosi, 2 Mei

Baba mkwe anastaafu! Katamka hivi hivi tu, kikombe cha chai mkononi, katikati ya karakana, wakati mimi nimebeba sponji la kochi la mteja kichwani. Amesema amechoka kuvisha makochi ya watu, magoti yamegoma, na kabla mwezi huu haujaisha funguo za karakana atampa mmoja wa wakwe zake wawili. Nilitaka kumkumbatia. Sponji lilinizuia.

Wakwe wawili. Wa kwanza mimi, mkata vitambaa, mtu wa mkasi na chaki, niliyemuoa binti mkubwa. Wa pili ni mume wa shemeji yangu, ambaye kazi yake hapa ni kuzungumza na wateja na kunukia vizuri. Sioni cha kuchagua hapo. Lakini Mzee ana yake. Kwanza anataka tusafiri. Nje ya nchi! Ndege, halafu treni, tena treni moja tu anayoitaka yeye, ile inayopita milimani, si nyingine. Kwa nini hiyo? Hakusema, na uso wake haukuwa wa kuulizwa. Tutakwenda wanne: yeye, mimi, Mama Pacha wangu, na huyo mnukia vizuri. Shemeji atabaki na watoto wote, pacha wetu wakiwemo. Mungu ampe nguvu.

Na kuna sharti. Kila mtu mabegi mawili, basi. Moja la treni, jingine dogo la kuzungukia mjini mchana. Eti asiyeweza kupanga begi lake hawezi kupanga karakana yake, na yeye atakuwa anaangalia. Alisema “nitakuwa naangalia” huku akinitazama mimi. Nimeichukua kama dalili njema.

Jumatatu, 4 Mei

Mbinu ya kwanza imekwenda kama siagi. Nilimvuta yule bwana pembeni, nikamweka mkono begani kama ndugu, nikamwambia kwamba Mzee huheshimu ukubwa. Nikamshauri anunue sanduku la magurudumu, kubwa kuliko yote dukani. Alinishukuru! Akaenda saa hiyohiyo. Karudi na kitu ambacho ukikisimamisha kinafika kifuani, kinang'aa, magurudumu manne, hata pacha wangu wote wawili wangeingia humo na kucheza. Nilikisifia mpaka sauti ikakauka. Treni zina milango myembamba na ngazi. Atakwama mlangoni Mzee anamwangalia. Kuanzia leo humu ndani ataitwa Magurudumu.

Mama Pacha naye kanishangaza. Alitoka baada ya chakula cha mchana, karudi na mkoba wa mgongoni wa kijivu na kipochi cha kuvaa bega hadi ubavuni, chenye zipu. Basi! Ndiyo hesabu yake yote. Akavijaza nguo, akapanda na kushuka ngazi za nyumba, akatoa jozi moja ya viatu, akapanda tena, akasema sawa. Nikamuuliza ubunifu uko wapi. Akaniuliza kama nimeshafua soksi zangu.

Mimi sinunui. Mimi ni fundi. Mkwe anayekwenda kwenye mtihani wa karakana na begi la dukani ni sawa na mpishi anayekula hotelini. Nitashona.

Alhamisi, 7 Mei

Begi limekamilika, na kwa kweli nimejishtua mwenyewe. Ni mabegi mawili ndani ya moja. Kubwa la treni, na mbele yake dogo lililoshikwa na zipu. Unafika hoteli, vruu, unalifungua lile dogo, unatoka nalo kutalii. Jioni, vruu, unalirudisha. Ndani nimeweka mifuko ya siri, na mifuko ndani ya mifuko. Niliacha kuihesabu.

Kitambaa je? Hapo ndipo akili yangu ilipong'ara. Kwenye rafu ya juu kabisa ya stoo, nyuma ya makopo ya gundi, nilikuta jora limefungwa karatasi ya kaki. Halina jina la mteja. Buluu iliyokoza, vimiraba vya njano, kitambaa kizito ambacho sindano ya kawaida inalia. Na kwenye karatasi, picha ya treni! Maandishi ya kigeni sikuyasoma, lakini picha nimeiona. Kitambaa cha treni kwa safari ya treni. Kama ningekiacha ningekuwa nimemkosea Mungu.

Sasa, mtu asiye na mbinu angekata mwanzoni, na kesho Mzee angeona jora limenywea. Mimi nililikunjua lote sakafuni, nikakata katikati, nikaliviringisha upya, mwanzo wake mwanzoni, mwisho wake mwishoni. Ukiliangalia huku au kule, jora zima. Katikati nikajazia gazeti ili unene usipungue.

Nimeshona pia koti la nailoni nyeusi la kulifunika begi lote, Magurudumu asije akaiba ubunifu. Nitalifunua ndani ya treni, mbele ya Mzee. Nimeshafanya mazoezi ya jinsi nitakavyosimama.

Jumamosi, 9 Mei

Uwanja wa ndege. Aibu! Uchungu! Lile sanduku linateleza!

Sikuwahi kufikiria hilo. Sakafu ya uwanja ni laini kama sahani, na Magurudumu alilisukuma kwa kidole kimoja. Kidole! Mzee alisimama akalitazama, akaweka koti lake juu yake. Halafu begi lake. Halafu, nikiwa naangalia kwa macho yangu haya, akaegemea. Magurudumu akawa anawasukuma wote wawili kuelekea kwenye foleni, sanduku na baba mkwe, akitabasamu kama mtu aliyezaliwa hapo.

Mimi nyuma yao natoka jasho. Begi langu lina uzito ambao sikuutegemea. Kitambaa kizito, zipu za chuma, na mifuko ya siri ambayo kila mmoja una bitana yake. Kabla hujaweka hata shati, umeshabeba nusu ya kochi. Mama Pacha alipita na mkoba wake mgongoni, mikono mitupu, anakula karanga. Akaniuliza kama nataka anisaidie. Nilimwambia fundi hasaidiwi. Akasema haya, akaendelea na karanga zake.

Mzee aliuliza mbona begi langu limevalishwa nguo nyeusi, kuna nani aliyefariki. Magurudumu alicheka sana. Zaidi ya ilivyostahili.

Jumatatu, 11 Mei

Sijui niandike vipi.

Tumefika mji wa kwanza, hoteli ndogo, chumba safi, dirisha linatazama uwanja wenye sanamu ya mtu juu ya farasi. Asubuhi Mzee katangaza: leo tunakwenda kwenye jumba la makumbusho, kila mtu na begi lake dogo. Saa ya ushindi! Nikamwambia Mama Pacha asimame mlangoni ashuhudie. Nikavua koti jeusi. Nikashika zipu. Vruu.

Chupi zangu zote zilimwagika miguuni pake.

Chupi, soksi, shati, dawa ya meno, kila kitu. Lile begi dogo, ndugu zangu, lilikuwa ndio ukuta wa mbele wa begi kubwa. Nilishona mifuko ya siri mpaka nikasahau kushona ukuta. Ukilitoa dogo, kubwa linabaki na mdomo wazi kama mimi nilivyobaki. Mimi! Mkata vitambaa wa karakana nzima!

Mama Pacha hakucheka, na hilo liliniuma zaidi. Aliinama, akashika kitambaa, akakisugua kwa kidole gumba. Akaniuliza nimekitoa wapi. Nikamwambia mabaki. Akasema ana hakika amewahi kukiona mahali, hakumbuki wapi, lakini kinamtia huzuni. Nikamwambia vitambaa vyote vya buluu vinatia huzuni, avae viatu tunachelewa.

Kwa hiyo nimekwenda kutalii na begi zima. Lingebaki bila ukuta lingetapika chumba kizima. Mlangoni mwa jumba la makumbusho mlinzi kanisimamisha, akapima begi langu kwa macho, akapima mlango, akatikisa kichwa. Mabegi makubwa hayaingii. Kuna makabati ya kuhifadhia, lakini begi langu halikuingia kwenye kabati lolote, tulijaribu hata yeye na mimi pamoja tukilisukuma kwa goti. Mwishowe wenzangu wakaingia, Mama Pacha na kipochi chake ubavuni, Mzee na kimfuko chake cha turubai, Magurudumu na kibegi cha ngozi ambacho sikujua anacho. Mimi nikabaki nje, nimekalia ngazi. Nimetalii ngazi. Ni za mawe. Njiwa ni wengi.

Walipotoka Mzee alikuwa amefurahi mno, akasema ndani kuna viti vya wafalme vilivyovishwa kwa mkono, hajawahi kuona mshono ule. Akaniuliza kwa nini mimi sikutaka kuingia. Magurudumu akamjibu kwa niaba yangu, eti huenda sipendi viti.

Jumanne, 12 Mei

Mungu yupo! Magurudumu kaanguka!

Leo tumehama mji kwa basi dogo, tukashushwa mbali kidogo na nyumba ya wageni, mahali ambapo magari hayaingii. Barabara yote ni ya mawe ya duara, mji wa kale, kila jiwe limeketi linavyotaka. Sanduku lilipoguswa na mawe hayo lilianza kupiga kelele mpaka watu wakafungua madirisha. Magurudumu anasukuma, sanduku linaruka. Kona ya kwanza gurudumu moja likang'oka, likabingirika peke yake mtelemko mzima, likampita mbwa, likaingia kwenye duka la maua. Sijawahi kuona kitu kizuri hivyo tangu siku ya ndoa yangu.

Furaha haikudumu. Mzee alisimama, mikono kiunoni, akasema karakana haiendeshwi na mtu mmoja, na kwamba leo anataka kuona nani anamfaa mwenzake. Akaninyooshea kidole. Yaani mimi! Nimebeba upande mmoja wa lile sanduku, la ukubwa ule niliouchagua mimi mwenyewe, kupanda kilima, begi langu la nusu kochi likiwa mgongoni. Magurudumu upande wa pili anahema na kuniambia kwamba kama si ushauri wangu angenunua lile dogo. Nilimwambia ahifadhi pumzi.

Lakini kumbe taabu ilikuwa na faida. Tulipofika Mzee alivuta kiti, akasema mbele ya wote kwamba leo nimefanya kazi. Kisha akamwondoa Magurudumu kwenye kazi ya kushika tiketi, aliyopewa tangu nyumbani! Bahasha ya tiketi za treni ya kesho pamoja na dawa zake za presha kanikabidhi mimi. Mimi! Nilikaribia kulia. Nimeitia bahasha kwenye mfuko wa siri ulio ndani ya mfuko wa siri. Hata mwizi mwenye digrii hataipata.

Mama Pacha kaniuliza ni mfuko upi. Nikamwambia usijali.

Jumatano, 13 Mei

Naandika nikiwa nimekaa kwenye kiti cha chuma, cha stesheni. Viti vingine sivitaki tena maishani.

Treni ya Mzee ilikuja asubuhi. Fupi, ya zamani, imepakwa rangi upya. Tulipanda, nikatangulia mbio kushika nafasi, nikafungua mlango wa chumba chetu cha behewa, nikaganda. Viti! Buluu iliyokoza, vimiraba vya njano. Kitambaa kilekile! Picha kwenye karatasi haikudanganya. Nilishangaa, kisha nikavimba kwa fahari: begi langu na treni ni ndugu. Ishara gani nyingine mtu anataka? Nilivua lile koti jeusi, nikaliweka begi kwenye kiti cha dirishani, nikalipanga likae vizuri, nikatoka kumwita Mzee aje aone.

Mzee hakuwepo nilikomwacha. Nikamtafuta kwenye kijia cha behewa, nikamtafuta upande wa choo, treni ikaondoka, nikarudi. Kumbe kapita upande mwingine. Nikawakuta wote watatu wamekaa, Mzee dirishani, uso wake umelowa. Nikajua begi limemgusa moyo. Nikasubiri anisifie.

Akasema, kwa sauti ya chini, kwamba viti hivi ni vilevile, ila hiki alichokalia ni laini kuliko vyote alivyowahi kukalia, na aliyekijaza sponji ni fundi aliyesomea. Nikaitikia kwa heshima. Halafu nikaangaza nilionyeshe begi langu. Halipo!

Halipo juu, halipo chini, halipo kwenye rafu ya mizigo. Tiketi, dawa, chupi! Nilimtazama Magurudumu, naye akanitazama kwa uso wa malaika, nikajua ni yeye. Nikamwambia arudishe. Akasema arudishe nini. Nikamwambia wivu utamuua. Mama Pacha akaniambia nikae chini watu wanatuangalia. Nikapekua behewa zima, nikafungua mlango wa choo kumbe mna mtu ndani, nikarudi natweta, na nyuma yangu anakuja mama mmoja mnene wa kofia, mkaguzi wa tiketi, ameshanyoosha mkono.

Mzee akaniambia nimpe tiketi. Nikasema begi limeibwa. Mzee akasimama kwa mshtuko.

Na kiti kikanyanyuka naye. Mkanda wa begi ulikuwa umenasa kwenye kifungo cha koti lake.

Toba! Alikuwa amelikalia tangu mwanzo! Buluu juu ya buluu, vimiraba juu ya vimiraba, hakuna jicho ambalo lingeona. Kile kiti kilichosomewa kilikuwa ni soksi zangu. Lakini mkaguzi hakuona soksi. Aliona mtu mzima ametoka na kitambaa cha viti vya serikali kilichoshonwa kikawa begi. Alipuliza filimbi. Akaja mwenzake. Wakaanza kukagua viti vya behewa zima, wakiinua mito, wakitafuta ni kipi nimekichuna ngozi. Abiria walininyooshea vidole. Bibi mmoja alikumbatia kiti chake.

Kisha mshtuko mwingine: Mzee akafungua mdomo akaongea lugha yao! Kwa ufasaha! Miaka yote hii sijawahi kumsikia. Alilichukua begi, akawaonyesha kitambaa dhidi ya mwanga, akapitisha kidole kwenye pindo. Nilielewa kwa ishara tu: hakuna tundu la stepla, hakijavutwa, hakijakaliwa, hiki ni kipya. Yule mama wa kofia akainama, akakagua, akakubali, akamwomba Mzee radhi. Nikashusha pumzi. Nikamshukuru Mzee. Nikasema kumbe ametuokoa.

Alikuwa bado amelishika begi, analigeuza. Akaniuliza, kwa upole ulionitisha kuliko filimbi, kama jora lilikuwa kwenye rafu ya juu, kwenye karatasi ya kaki.

Hapo Mama Pacha akaziba mdomo kwa mkono. Alikuwa amekumbuka.

Mzee akatueleza, akitazama nje. Alipokuwa kijana alikuja hapa kujifunza ufundi, na mama mkwe, marehemu, alimfuata. Walikuwa hawana kitu. Starehe yao ilikuwa kupanda treni hii siku ya mapumziko, kwenda na kurudi, wamekaa kwenye viti hivi. Baada ya msiba aliandika barua kiwandani, akaletewa jora moja tu, la mwisho, maana mashine yao imeshafungwa, akalifungua mbele ya Mama Pacha. Ni la kukivisha kile kiti cha marehemu, kilichofunikwa shuka sebuleni kwake, ambacho hakuna anayekikalia. Hakuwa na moyo wa kuanza. Alisema kwanza arudi aione treni, ndipo aweze kukata.

Nimekata mimi. Kwa ajili ya mifuko ya soksi.

Akaniuliza nilikata mwanzoni au mwishoni. Nilitaka kudanganya, ulimi ukakataa. Nikasema katikati. Mzee alifumba macho. Hata Magurudumu hakucheka. Fundi yeyote anajua: kata mwanzoni, jora linabaki. Kata katikati, una vipande viwili vifupi ambavyo havivishi hata stuli.

Tiketi zilipatikana baadaye, Mama Pacha alizipapasa kutoka nje kwa kidole. Mimi sikukumbuka mfuko.

Alhamisi, 14 Mei

Jana na leo Mzee hajanisemesha. Si kwa hasira, afadhali ingekuwa hasira. Nimemkosea mtu aliyenipa mke na kazi, najua, na moyo unaniuma kweli.

Asubuhi Mama Pacha aliomba wembe mapokezi. Akaketi sakafuni, akalichukua begi langu, akaanza kulifumua. Uzi kwa uzi. Hakuchana mahali. Nilikaa kitandani nikiona kazi yangu ikirudi kuwa vitambaa, mfuko baada ya mfuko, mingine hata mimi nilikuwa siijui. Nguo zangu zimehamia kwenye sanduku la Magurudumu lenye magurudumu matatu. Yeye mwenyewe kalifungua akasema karibu. Sijui nimchukie vipi mtu kama huyu.

Mama Pacha alitandaza vipande vyote sakafuni, akaanza kuvihamisha. Hiki kwa kile. Aliniuliza vile vipande viwili vilivyobaki nyumbani vina urefu gani, nikamwambia, maana hilo ninalijua, akaviweka alama kwa kuweka taulo mbili za hoteli. Kimiraba kikagusa kimiraba. Mgongo wa kiti ukatokea pale sakafuni, kisha pa kukalia, kisha mikono. Mifuko ya siri ilikuwa imetosha mikono ya kiti, ile mifuko yangu. Mshono utakuwa chini, nyuma, mahali jicho halifiki.

Sikujua kama mke wangu anaweza hivyo. Miaka yote yuko pale ofisini anapokea simu na kunikumbusha vipimo nilivyosahau. Nikageuka, Mzee alikuwa amesimama mlangoni, haijulikani tangu lini. Akaingia, akapiga magoti yake mabovu sakafuni, akasogeza kipande kimoja kidogo. Mama Pacha akakirudisha. Mzee akatazama, akasema kweli, ni pale alipokiweka binti yake. Wakakaa hapo wawili, baba na binti, wakizungumza juu ya marehemu, wakilia na kucheka. Nikatoka nikawaacha.

Jumatatu, 18 Mei

Tumerudi. Kiti cha marehemu kimeshavishwa. Mama Pacha alikivisha jana, Mzee akimpa pini. Hakuna anayeweza kuona mshono. Jioni Mzee alikikalia kwa mara ya kwanza, akalala usingizi hapohapo na miwani usoni.

Leo asubuhi akatukusanya wote karakanani. Nilivaa shati jeupe, kwa tahadhari tu. Akasema aliahidi kuangalia mabegi na ameangalia. Kuna aliyebeba vinavyohitajika, akatembea mikono mitupu, akawa na nafasi ya kumsaidia mwenzake. Akampa funguo Mama Pacha.

Nilishtuka, sikatai. Nilishika meza. Magurudumu naye kashika meza ileile. Tukatazamana, kwa mara ya kwanza tukiwa kitu kimoja. Kisha nikafikiri. Mama Pacha ni nani? Mke wangu. Aliyempeleka sakafuni na wembe ni nani? Begi langu. Bila mimi kukata, angelionyesha wapi hilo jicho lake? Ukipiga hesabu vizuri, aliyeshinda ni mimi. Nimemweleza hivyo. Akasema niache shughuli zake nikafagie vumbi la sponji.

Wiki hii ana safari ya kwanza ya kazi, kwenda kuchagua vitambaa kwa wafanyabiashara wa jumla, kwa treni. Mkuu wa karakana! Na ule mkoba wa kijivu? Watamwonaje? Anahitaji begi lenye hadhi, na safari hii ukuta wa mbele nitauanza mimi kabla ya kitu kingine chochote.

Tatizo ni amri yake ya kwanza, aliyoiandika kwa chaki mlangoni mwa stoo: hakuna mtu kutoa kitambaa bila ruhusa yake. Nimesimama hapo, ufagio mkononi, nikaisoma mara mbili. Inasema kitambaa. Ngozi haikutajwa popote.